Kete Nyeupe Mbele ya Harlan Teague

Mwaka ule Harlan Teague alipanda kilima cha mrushaji na kuwafanya wapigaji wa besiboli wa Amerika nzima waonekane kama watu wanaofukuza nyuki kwa fimbo. Alikuwa na mkono mrefu wa kushoto, uso usiocheka, na kofia aliyoigusa ukingoni kabla ya kila mpira. Ile kofia ndiyo iliyoleta maneno. Wengine walisema anafuta jasho. Wengine, mimi nikiwamo, tulisema pale ukingoni kapaka mafuta, na mpira wa besiboli ukishapakwa mafuta hauna adabu: unakuja umenyooka, halafu mbele ya kigongo unaporomoka kama umekatwa kamba. Waamuzi walimvua kofia uwanjani, wakaipekua mbele ya kamera, wasione kitu. Yeye akaivaa, akaigusa, akaendelea kushinda.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, kampuni inayotengeneza mchezo wetu wa mezani ikatoa kadi za msimu ule, kila mchezaji na yake. Kadi ya Teague ikaangukia mikononi mwa Thurman Pruitt. Hapo mashaka yangu yakahama kutoka uwanjani, yakaja kukaa mezani kwa Mama Szabo.

Tulikuwa wanne katika ligi ile, sote wakazi wa Akron, mji wa viwanda vya matairi, sote tunanuka matairi hata baada ya kuoga. Mama Adela Szabo alikuwa mjane, mkaguzi wa matairi kiwandani, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa uwanja wetu kila Jumapili baada ya misa. Delbert Foy aliendesha gari la mikate na mdomo wake haukuwa na breki. Thurman Pruitt alikuwa mtu wa West Virginia, mzito wa mwili na wa maneno, ndiye aliyenifundisha kazi ya kiwandani na, wakati wa mgomo, akanifundisha mchezo wenyewe. Na mimi, Emil Kovalchik, mdogo kuliko wote na, sioni haya kusema, niliyejihesabu mwenye akili ya mchezo kuliko wote.

Mchezo ni huu. Mpigaji ana kadi yake, mrushaji ana yake, na juu ya kila kadi kumechapwa, mstari kwa mstari, yale ambayo mtu huyo aliyafanya kweli mwaka mzima. Mwenye zamu ya kupiga ndiye anayerusha kete: moja nyeupe, mbili nyekundu. Nyeupe ikionyesha moja, mbili au tatu, jibu linasomwa kwenye kadi ya mpigaji. Ikionyesha nne, tano au sita, linasomwa kwenye kadi ya mrushaji. Zile nyekundu unazijumlisha upate mstari wa kusoma. Hakuna zaidi. Lakini nimeona wanaume wakilia kwa mchezo huo.

Sisi tulikuwa na desturi zetu. Kila mtu alikuja na kete zake, kama wachezaji wa kweli na vigongo vyao. Mwenye kadi ndiye aliyeisoma, kwa sauti. Na desturi iliyoogopwa, ambayo Mama Szabo aliiweka baada ya ugomvi fulani kabla sijajiunga: anayemtuhumu mwenzake wizi anaweka timu yake yote mezani, kifudifudi. Akithibitisha, mwizi anatoka kwenye ligi. Akishindwa kuthibitisha, anatoka yeye, na kadi zake zinarudi sandukuni.

Mimi nilichagua kadi wa mwisho msimu ule, kwa hiyo nilipata makombo. Wapigaji wangu walikuwa watu ambao viwanja vilikuwa vimekwisha kuwasahau. Alikuwapo mmoja, Obie Lasko, ambaye kadi yake ilikuwa na neno "nje", yaani katolewa, karibu kila mstari.

"Emil, hao umewaokota kituo cha basi?" Delbert aliniuliza siku ya kwanza.

"Utawaona."

Na aliwaona. Nilimpiga Delbert nikampiga tena. Nilimpiga Mama Szabo mpaka akaacha kunikatia mkate wa mbegu za popi. Wakashangaa, nami nikawaacha washangae. Nilijua ninapanga safu vizuri kuliko wao, ninajua wakati wa kumtoa mtu na wakati wa kumwingiza. Nilikuwa nalala na furaha hiyo.

Lakini kila nilipokutana na Thurman, nilikutana na Teague. Delbert alipangiwa warushaji wengine wa Thurman, Mama Szabo vilevile. Mimi nilipangiwa Teague tu. Na mbele ya Teague nilikuwa maiti.

"Sita," nilisema Jumapili moja ya Oktoba. "Nyekundu nane."

"Kwangu," Thurman akasema. Akaisogeza kadi ya Teague karibu na miwani. "Nane... nane. Kakosa mara tatu. Nje."

"Tena?"

"Mimi nasoma tu, kijana."

Delbert akanyoosha mkono. "Mzee, hebu niishike hiyo kadi. Nasikia inateleza."

Mama Szabo akacheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Thurman hakucheka. "Teague ametoka bonde letu," akasema. "Babake na babangu wamechimba makaa shimo moja. Watu wa kwetu hawapaki mafuta."

"Watu wa kwenu wanapaka mafuta hata kwenye kahawa."

"Kadi haijui mafuta wala jasho, Delbert. Inajua nani alitoka na nani alifika kituoni. Rusha, Emil."

Nikarusha. Tano. Kwake tena. Nje. Thurman, kwa ule ustaarabu wake wa kizamani, akaziokota kete zangu pale zilipoangukia upande wake, akazishika kidogo, akazirudisha kwenye kikombe changu. "Haya," akasema kwa upole. Nikarusha. Nne. Kwake. Nje.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa na joto kichwani, ingawa upepo ulikuwa mkali. Nyumbani kwangu kilikuwa chumba cha kupanga juu ya duka la viatu. Sikuwa na ndugu Akron. Juma zima nilisema na mashine, na Jumapili nilisema na wale watatu. Kiti changu kilikuwa kile cha karibu na jiko, na Mama Szabo hakuruhusu mgeni akikalie. Sasa niliona kwamba mtu mmoja kati ya wale watatu ananichezea, naye ndiye aliyenivuta kwenye kile kiti. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa Delbert ningecheka.

Nikaanza kuchunguza. Kwanza kadi. Delbert alikuwa na seti yake mwenyewe nyumbani, kwa hiyo saa ya chakula nikamfuata kwenye gari lake la mikate nje ya lango la kiwanda, nikamwambia aje nayo kesho yake. Akaja nayo. Nikaitazama kadi ya Teague mstari kwa mstari. Ilikuwa ile ile, neno kwa neno, nami niliishika kichwani nzima.

"Hata ukuta wa kanisa una matundu zaidi," Delbert akasema, akitafuna. "Hiyo kadi imezibwa kote. Sasa unamtafutia nini mzee wa watu? Kakufundisha kila kitu."

"Ndiyo sababu. Anajua ninapotazama na nisipotazama."

"Mh." Akanitazama. "Na wewe, hebu nikuulize. Unatupigaje na wale walemavu wako?"

"Akili."

"Akili," akarudia, kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. Kisha akawasha gari.

Sikumjali. Jumapili iliyofuata nikamsikiliza Thurman anavyosoma. Nilikuwa na kadi yake kichwani, kwa hiyo kila aliposema "nje" nilijua kama ni kweli nje. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kudanganya hata mstari. Jambo hilo halikunituliza. Lilinitisha. Mtu anayeiba kwa kusoma vibaya ni mwizi wa kawaida. Huyu alikuwa na kitu kingine.

Basi nikaacha kusikiliza, nikaanza kutazama mikono.

Kiganja cha Thurman kilikuwa kipana, kimekakamaa kwa miaka ya joto la kalibu za matairi. Kete tatu zikiingia humo hazionekani. Na zilikuwa zinaingia humo kila mara. Delbert aliporusha, Thurman hakugusa kitu. Kete za Delbert zilibaki zilipolala mpaka mwenyewe azikusanye. Za Mama Szabo vilevile. Zangu tu ndizo zilizookotwa, zikashikwa kidogo, zikarudishwa. Ule ustaarabu ulikuwa wangu peke yangu.

Nikahisi kama mtu aliyewasha taa jikoni akakuta mende. Mzee huyu, nikasema moyoni, anabadilisha kete yangu nyeupe. Anayo nyingine mfukoni au kwenye mkono wa shati, iliyotiwa uzito ili ikimbilie kwa mrushaji. Anaiingiza nikikutana na Teague, anaitoa mchezo ukiisha. Ndiyo maana Delbert na Mama Szabo nawapiga, na yeye simpigi.

Ilinijia yote kwa mpigo mmoja na ilikaa vizuri, haina mwanya. Nilijisikia mwerevu mno. Pia nilijisikia mgonjwa, kwa sababu nilijua lazima niseme, na nikisema nitaweka kiti changu juu ya meza pamoja na kadi.

Fainali ilikuwa michezo mitatu, mimi na Thurman. Wa kwanza alinipiga kwa Teague. Wa pili Teague alikuwa anapumzika kwa sheria, nikashinda kwa urahisi. Wa tatu ulichezwa Jumapili ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, na Teague alikuwa amepumzika vya kutosha. Dirisha la Mama Szabo lilikuwa na jua jeupe la baridi, bata mzinga wa sikukuu wa nyumba nyingine walikuwa wananukia mtaani kwa majaribio, na mimi sikula kitu.

Thurman alipata pointi moja mapema. Baada ya hapo warushaji wangu wakambana, naye Teague akanibana mimi. Sita. Nje. Tano. Nje. Sita. Nje.

"Leo huyo mtu wenu kaja na ndoo nzima ya mafuta," Delbert akanong'ona.

Zamu ya saba nikarusha. Tano. Nje. Thurman akanyoosha mkono, akaziokota kete zangu, kiganja kikafumba. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Acha hapo hapo, mzee. Usifungue, usitikise."

Kahawa ilikuwa njiani kuelekea mdomoni kwa Mama Szabo; ikarudi mezani. Thurman alitazama mkono wangu juu ya mkono wake, kisha akanitazama usoni. Hakujitoa.

"Emil," Mama Szabo akasema polepole, "unasema kitu ninachodhani unasema?"

"Nasema. Anabadilisha kete yangu nyeupe. Kila tunapocheza, yeye na Teague wake. Iliyo humo mkononi siyo yangu."

"Kijana," Thurman akasema, "fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Oktoba!"

"Unaijua desturi," Mama Szabo akasema.

"Naijua."

Nikamwachia Thurman mkono, nikachukua kadi zangu moja moja, nikazilaza kifudifudi katikati ya meza. Delbert alitazama rundo lile kama mtu anayetazama jeneza linateremshwa. "Emil, bado unaweza kusema umetania," akasema.

"Sitanii."

"Thurman, fungua mkono," Mama Szabo akaamuru.

Kiganja kikafunguka. Nyeupe moja, nyekundu mbili. Mama Szabo akaichukua nyeupe kwa kitambaa, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji na kopo la chumvi. Akamimina chumvi, akakoroga, akamimina tena, mpaka maji yakawa mazito kama supu na kete ikaelea badala ya kuzama.

"Marehemu mume wangu alitoka jeshini na viatu vyake, hakunyang'anywa kwa kete za wizi, kwa sababu ya glasi hii," akasema. "Kete nzuri haijali inalalia upande gani. Mbovu inajali."

Akaigusa kwa kijiko. Kete ikabingirika majini, ikatulia. Sita juu. Akaigeuza moja iwe juu, akaiachia. Ikayumba, ikajipindua taratibu, kama mzee anayejigeuza kitandani. Sita. Akaigeuza tena. Tano kidogo, kisha sita.

"Yesu na Maria," Delbert akasema.

Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. "Mnaona? Mnaona sasa? Msimu mzima nimeambiwa bonde lao, makaa yao, watu wa kwao hawapaki mafuta! Teague anapaka kofia na huyu anapaka kete!"

Uso wa Thurman ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa anaitazama ile glasi kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu ambaye hatimaye ameletewa jibu la barua.

"Kaa chini," Mama Szabo akaniambia. "Hii ni mbovu, nimeona. Yako ya kweli iko wapi?"

"Mfukoni mwake, au kwenye mkono wa shati. Mpekueni. Na msije mkasema zinafanana. Jana niliitia yangu alama kwa sindano, ndani ya tundu la moja. Mkwaruzo mdogo tu, ila upo. Hiyo mliyonayo haina."

Mama Szabo akaitoa kete majini, akaifuta. Akachukua kile kioo cha kukuzia ambacho wakaguzi wa matairi hawaachani nacho, akaenda dirishani. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi, akaweka kete na kioo mbele yangu.

Nikatazama.

Mkwaruzo ulikuwapo. Mwembamba, umepinda kidogo upande wa kushoto, pale sindano iliponiteleza.

Thurman akasimama, akapindua mifuko yake yote mbele yetu. Funguo, leso, peremende mbili. Akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko. Hakukuwa na kitu kingine.

Delbert akanigeukia. "Basi mwizi ni wewe! Akili, akili, kumbe akili yenyewe ni hii! Mimi nimekula vipigo tangu Aprili kwa kete ya..."

"Nyamaza, Delbert," Thurman akasema. "Hajui. Mtu anayejua kete yake ni mbovu haitii alama ili ichunguzwe. Ulizipata wapi, Emil?"

"Mnadani." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Vitu vya nyumba ya marehemu fulani. Kwenye sanduku la michezo."

"Ina povu la hewa ndani. Hizi za zamani huwa nalo."

Nilikaa pale nikihesabu yale ambayo ningepaswa kuhesabu mapema. Nyeupe yangu ilikuwa inakimbilia kwa mrushaji. Wapigaji wangu hawakuwa na kitu kwenye kadi zao; kila kete iliyowakwepa wao ilikuwa zawadi kwangu. Ilikwenda kusomwa kwenye kadi za warushaji wa Delbert na wa Mama Szabo, kadi zenye matundu kama chujio, na humo ndimo nilimookota ushindi. Mbele ya Teague ilikwenda kusomwa kwenye ukuta. Safu zangu, mipango yangu, wakati wa kumtoa mtu na wakati wa kumwingiza: povu la hewa.

Halafu kitu kimoja kikanigonga. Nikamgeukia Thurman.

"Umesema hajui. Wewe ulijua?"

Thurman alikaa. Alivua miwani, akaifuta kwa leso.

"Nilishuku. Tangu majira ya kuchipua. Mtu hawezi kupata sita nyingi vile."

"Na Teague?"

"Nikasema, sawa. Kama kete zake zote zinakimbilia kwa mrushaji, nitampa mrushaji ambaye kwake hakuna cha kuokota. Hakuna sheria inayonikataza kuchagua mrushaji."

"Na kuniokotea kete? Ule ustaarabu wote?"

"Nilikuwa naipima." Alifungua kile kiganja kipana, akakitazama mwenyewe. "Kila mara naipima. Kuna siku nilisema ni nzito upande mmoja, kuna siku nikasema nazeeka tu."

"Miezi yote hiyo unaniita kijana, unanimiminia kahawa, na moyoni unaniita mwizi!"

"Na wewe ulikuwa unaniitaje?"

Nikapaza sauti. "Mimi nimesema! Nimeweka timu yangu pale, nimesema! Wewe mbona hukusema?"

"Ningesema ningeweka yangu. Teague naye humo. Sikuwa na uhakika."

"Na ilikufaa."

Mama Szabo akamtazama. Delbert akamtazama. Thurman alivaa miwani taratibu, ncha moja, kisha nyingine.

"Na ilinifaa," akasema.

Mtaani gari lilijaribu kuwaka likashindwa. Nilitaka mtu amlaumu, nilitaka sana, lakini Mama Szabo alikuwa anatazama lile rundo la kadi zangu katikati ya meza, nami nikajua desturi ile ilikuwa na maneno ya mtu aliyetuhumu bila kuthibitisha na haikuwa na neno hata moja la mtu aliyenyamaza.

"Mama," Delbert akaanza, sauti imelainika, "huyu mtoto wa watu hakukusudia. Kete ni ya marehemu..."

"Alimtaja mtu kwa jina," Mama Szabo akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti haikulowa. "Nikimwachia yeye, kesho nitamwachia nani? Emil, unanielewa?"

"Msinibembelezee desturi," nikasema. "Nimeweka, nimepoteza. Lete sanduku."

"Sanduku baadaye. Mchezo ulioanza unamalizwa." Akazipindua kadi zangu, akazirudisha mbele yangu, zamu ya saba, pale pale tulipoachia. Ile kete yangu akaitia mfukoni mwa aproni. "Utarusha za Thurman."

Thurman akasukuma kikombe chake cha ngozi kuvuka meza. Kilikuwa na joto la mkono wake. Nikarusha. Mbili. Ilikuwa ajabu kuiona mbili. Nikasoma kwenye kadi ya mpigaji wangu mwenyewe: nje. Hakuna aliyecheka. Zamu ya nane ikapita hivyo hivyo, nyeupe ikienda huku na kule kama mtu asiye na upande, watu wangu wakitoka mmoja mmoja kwa makosa yao wenyewe sasa.

Zamu ya tisa, ambayo ni ya mwisho, wawili wangu walikuwa wameshatoka. Kisha nyeupe ikasimama kwenye nne, na Teague akampa mtu wangu kituo cha kwanza bure. Ulikuwa mmoja wa mistari michache ya kadi yake yenye huruma. Akaja Obie Lasko.

"Mtoe huyo," Delbert akasema, nusu kwa huruma. "Huna mwingine?"

"Sina mwingine."

Nikarusha. Nyeupe ikasimama kwenye moja. Kadi ya Lasko. Nyekundu ya kwanza, sita. Ya pili ikazunguka pembeni ya kisahani cha Mama Szabo, ikasita, ikalala. Sita.

Mstari wa kumi na mbili wa kadi ya Lasko nilikuwa sijawahi kuusoma mbele za watu. Mwaka ule wote uwanjani alikuwa ameuvusha mpira ukutani mara chache mno, na kampuni ilikuwa imeuficha ule muujiza wake huko mwisho, ambako kete hazifiki. Nikausoma kwa sauti, kama inavyotakiwa.

"Umevuka ukuta."

Mtu wa kituoni na Lasko wote wakarudi na pointi: mbili kwa moja, na kwa kuwa nilipiga wa pili, mchezo ukaisha. Teague, ambaye msimu mzima hakuwa amefungwa kwenye meza ile, alikuwa amefungwa na Obie Lasko.

Mama Szabo alikuwa tayari ameshika kifuniko cha sanduku, kwa sababu ushindi haukubadilisha kitu. Kadi zangu zilikuwa zinakwenda ndani, na kiti kilichoanguka hakuna aliyekuwa amekiinua. Mimi nilikuwa bado kwenye kochi la dirishani lililogusa meza, nilipokaa Mama Szabo aliponiambia nikae. Sikufurahi na sikuhuzunika. Nilimtazama Thurman, nikimsubiri aseme lolote, hata tusi.

Aliinama juu ya meza, akaiokota kete yake nyeupe. Hakuirudisha kikombeni. Aliipima kiganjani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaipima tena. Ilikuwa kete yake ya miaka yote. Kisha akaacha kuitazama kete, akaanza kuitazama mikono yangu.

"Kunja mikono ya shati, kijana," akasema.

Nikavifungua vifungo. Nikakunja mkono wa kulia, nikakunja wa kushoto, hadi juu ya viwiko, kama alivyofanya yeye, nikailaza mikono mitupu mezani mbele yake, na nikaiacha pale mpaka aridhike.